Kiatu Kwenye Bango

Fundi umeme aliletwa kituo cha polisi mikono imechubuka, gundi ya karatasi imemganda kwenye kucha. Mchana kweupe alikuwa amepanda juu ya benchi la kituo cha basi, watu wanamtazama, akalichana bango la kampeni ya kupinga ulevi kuanzia juu mpaka chini. Askari wa doria walipomshika hakubisha. Kipande kimoja cha bango alikuwa amekikunja akakitia ndani ya shati.

"Uharibifu wa mali ya umma," Koplo alisema, ameegemea kabati la majalada. "Tena mali ya kupiga vita ulevi. Ulikuwa umelewa?"

"Sinywi."

"Sasa bango lilikukosea nini?"

Macho ya Fundi yalikuwa kwa Inspekta aliyekaa mezani, maana walikuwa wanafahamiana. Ndiye mama aliyerithi jalada la mchumba wake baada ya mpelelezi wa kwanza kuhamishwa.

Lilikuwa jalada jembamba. Mchumba huyo alikuwa mchoraji katika kampuni ya matangazo, mdogo kuliko wote pale, ndiyo maana kazini walimwita Kinda. Kampuni ilishinda zabuni ya jiji ya kutengeneza kampeni ya kupunguza ulevi, na jioni ile ile wakaisherehekea zabuni kwa kreti za bia na mvinyo. Kinda alikunywa, na hakuwahi kuficha. Anakumbuka muziki, anakumbuka kucheka, halafu hakumbuki kitu. Alizinduka alfajiri kwenye kochi la chumba cha mikutano, mguu mmoja hauna kiatu, na mwili wake ukamweleza yaliyotokea kabla daktari hajayathibitisha. Sampuli zilipelekwa maabara. Mpelelezi wa kwanza alimuuliza alikunywa nini, alikunywa na nani, alivaa nini, kwa nini hakuondoka mapema. Akamshuku Fundi, kwa kuwa usiku ule alifika getini akipiga makelele kwamba mchumba wake hapokei simu. Sampuli ya Fundi ikachukuliwa, haikulingana. Basi mpelelezi akaandika kwamba mlalamikaji alikuwa amelewa, akafunga kalamu yake.

"Kitoe ulichoficha," Inspekta alisema.

Fundi alikitoa, akakinyoosha juu ya meza kwa kiganja. Ilikuwa sehemu ya chini ya bango: ngazi, glasi iliyolala ubavu, na kiatu chekundu cha kike kimebaki peke yake kwenye kipandio. Juu ya hapo zilisomeka herufi nene nyeupe: ALIKUNYWA. ASUBUHI ALIJUTA. USIWE YEYE.

"Hicho kiatu ni chake."

"Viatu vyekundu vimejaa mjini, ndugu yangu," Koplo alisema.

"Mkanda wake ulikatika, nikauunga mimi. Nilitumia waya wa shaba, nikauzungusha vile tunavyofunga ncha za nyaya. Tazama hapo. Fundi viatu gani anafunga hivyo?"

Inspekta alivuta taa ya mezani karibu, akainama na lenzi. Penye kifungo cha mkanda palikuwa na kitu kidogo chekundu cha kung'aa, kimejizungusha kwa mpangilio kama chemchemi ya kalamu. Alimpa Koplo lenzi, naye Koplo akaacha mzaha.

"Aliniambia kiatu kilipotea," Fundi aliendelea, na sauti ikaanza kumpanda. "Kumbe kilipigwa picha! Kwa hiyo kuna mtu alikuwa naye, ametulia kabisa, anampiga picha. Leo nimemuuliza ni nani, ananitazama tu. Afande, mwanamke avuliwe kiatu, kipigwe picha, asijue? Inaingia akilini?"

"Huwa unamuuliza mara nyingi?"

"Kila siku."

"Unamuuliza nini hasa?"

"Alikuwa anakunywa na nani. Nani alimkalia karibu. Kama kulikuwa na mtu wake pale, aseme tu, nijue moja."

"Umewahi kumuuliza analalaje usiku?"

Fundi alitazama kucha zake.

"Mwachie kwa dhamana," Inspekta alimwambia Koplo. "Hiki kipande kinabaki. Ni kielelezo."

Walimkuta Kinda kwa dada yake, anapiga pasi sare za shule za wapwa zake. Tangu apeleke malalamiko, kampuni ilikuwa imempa likizo isiyokuwa na mwisho. Alipooneshwa kipande cha bango hakushtuka; alizima pasi, akaisimamisha vizuri.

"Nimekiona tangu walipobandika," alisema. "Nilidhani nimeanza kuchanganyikiwa. Nikasema nikienda polisi na hadithi ya kiatu, watasema bado hajalevuka."

"Na hizo ngazi?"

"Za ofisini. Zinazopanda chumba cha mikutano." Aliweka kidole pembeni mwa karatasi. "Lakini bango lenyewe silo nililochora. Langu lilikuwa na msichana amekaa chini nje ya mlango, na watu wanapita. Nilikuwa naongea na wale wanaopita. Maneno yake yalikuwa: Amelewa. Mfikishe nyumbani. Hilo ndilo lililoshinda zabuni."

"Nani alilibadilisha?"

"Maneno yote anaandika Shangazi. Siyo shangazi yangu, tunamwita hivyo tu, kwa kuwa ana miaka mingi pale na anatusahihisha kama watoto wake. Yeye ndiye aliyenifundisha kazi."

"Mnaelewana?"

Kinda alifikiri. "Tulikuwa tunaelewana. Bosi alipokuja kunipa meza ya dirishani, aliyokuwa anakaa Shangazi, nikawa nisipomwamkia mimi hasemi kitu. Jioni ile Bosi alipopiga glasi kwa kijiko akasema wazo ni langu, watu wote walipiga makofi. Shangazi alikuwa ameshika sahani kwa mikono yote miwili."

Dada yake, aliyekuwa mlangoni muda wote, alisema, "Afande, mdogo wangu ameshajibu maswali ya kutosha."

"Nakubaliana na wewe, dada. Sasa nakwenda kuyauliza kwingine."

Ofisi za kampuni zilikuwa juu ya duka la vifaa vya ujenzi. Bosi aliwapokea kwa mikono miwili, mwanamume mwenye shati lililonyooka na marashi yanayomtangulia. Ukutani nyuma yake lilining'inia bango lile lile, ndani ya fremu.

"Picha? Hizi tunanunua mtandaoni, Inspekta. Shangazi aliitafuta, mimi nikaipitisha. Ina mvuto, si kweli? Inamfanya binti afikiri mara mbili."

"Binti."

"Ndiyo, ndiyo walengwa wetu."

"Na ulisema kwenye maelezo yako kwamba siku ya sherehe uliondoka mapema."

"Mapema kabisa. Mlinzi aliliona gari langu linatoka. Huyu mtoto nilimuonea huruma sana, lakini pombe, Inspekta, pombe haina adabu."

Inspekta alimshukuru, akaomba ruhusa ya kutazama ngazi. Bosi aliitoa kwa ukarimu wa mtu asiyejua anachotoa.

Ngazi zilianzia kwenye ukumbi wa chini, zikapanda mpaka kwenye kibaraza kidogo mbele ya chumba cha chai, kisha zikakata kona kwenda chumba cha mikutano. Vigae vilikuwa vile vile vya bango, na kimoja kilikuwa na ufa wa kona ulioonekana vizuri pichani. Koplo alivua kiatu chake, akakiweka kwenye kipandio kile.

"Mama, usiniambie na mimi nitabandikwa kituo cha basi."

"Nyamaza, sogeza kushoto."

Inspekta alipanda na kushuka akiwa ameinua kipande cha bango mbele ya uso, akikilinganisha na kilichopo. Akiwa amesimama, mistari ya vigae ilikataa kukaa sawa. Alipanda mpaka mlango wa chumba cha chai, akainama, bado. Mwishowe akapiga magoti nyuma ya vyuma vya kushikilia, shavu karibu na sakafu, na hapo kila mstari ukaingia mahali pake. Hata ule mstari mzito mweusi uliokuwa kwenye ukingo wa bango, ambao alidhani ni kasoro ya uchapaji, ulipata maelezo. Ulikuwa chuma cha kushikilia kilichopita mbele ya kamera.

"Mpigapicha wa matangazo hapigi magoti nyuma ya vyuma," alisema. "Anasimama, anawasha taa zake, anapanga kiatu anavyotaka. Huyu alikuwa anajificha."

"Anajificha asionwe na kiatu?"

"Tazama chembe hizi. Picha imekuzwa mpaka imechakaa. Hiki ni kipande tu, kimekatwa kutoka picha kubwa. Kiatu hakikuwa peke yake, Koplo."

Walishuka kwa mlinzi getini, mtu mzima mwenye koti kubwa kuliko mabega yake.

"Jioni ya sherehe uliliona gari la Bosi linatoka?"

"Nililiona, nikalifungulia."

"Uliliona gari, au ulimwona Bosi?"

Mlinzi alijikuna kidevu. "Gari, mama. Lina vioo vyeusi. Dereva alipiga honi, nikafungua. Mimi nafungulia gari, sifungulii watu. Baadaye dereva akarudi, akasema alikuwa anawapeleka wageni wa jiji."

"Mpelelezi aliyetangulia ulimwambia hivyo?"

"Hakuuliza hivyo."

Shangazi alikuwa kwenye chumba cha chai, anasuuza vikombe ambavyo vilishakuwa safi. Alikuwa mwanamke mrefu, miwani imefungwa kamba shingoni. Inspekta alivuta kiti, akamwacha Koplo mlangoni.

"Shikamoo, afande," Shangazi alisema, kwa sauti ya dhihaka, kama anayekumbusha nani mkubwa.

"Marahaba, ingawa umri wetu mmoja. Picha ya bango uliinunua wapi?"

"Mtandaoni."

"Ngazi hizi zimeuzwa mtandaoni?"

Kikombe kiligonga sinki. "Basi niliipiga mwenyewe. Nilipanga vitu. Ndiyo kazi yetu, kupanga vitu."

"Kiatu ulikipata wapi?"

"Nilinunua."

"Kikiwa kimeungwa kwa waya wa shaba?"

Shangazi alifunga bomba. Alijifuta mikono kidole kwa kidole, na alipomaliza akaanza upya.

"Usiku ule ulikuwa umepiga magoti pale nje, nyuma ya vyuma," Inspekta alisema. "Sikuulizi kama ulikuwepo. Nakuuliza ulikuwa unampiga picha nani."

"Ninyi hamjui hii ofisi."

"Nieleze."

"Nimeandika humu tangu kampuni iko kwenye chumba kimoja. Kila neno lililowahi kumpa yule bwana pesa limetoka kichwani mwangu. Hajawahi kuniita bila kuniagiza kitu. Halafu anakuja mtoto, mimi ndiye namshika mkono, namfundisha hata kupunguza maneno, na baada ya muda mfupi anapewa meza yangu. Nikauliza kwa nini. Akaniambia, yule ana macho mapya. Na mimi yangu yana nini?" Alivua miwani, ikaanguka kifuani. "Jioni ile wote walimpigia makofi. Nilikaa humu naosha masahani ambayo hakuna aliyenituma nioshe. Nikasikia mtu kwenye ngazi. Nikachungulia, nikawaona. Nikasema moyoni, kumbe ndivyo meza inavyopatikana."

"Ukapiga picha."

"Nilitaka kuwaonesha watu."

"Mbona hukuwaonesha?"

"Kesho yake alikwenda polisi. Nikasema anajikosha. Amefumaniwa na dhamiri yake, sasa anajikosha."

"Na bango?"

Shangazi alikigeuza kikombe kichwa chini kando ya sinki. "Yeye hakuwepo tena kazini, lakini maneno yake yalikuwepo. Mfikishe nyumbani! Watu wa jiji wanayarudia kama wimbo. Nikamshawishi Bosi kwamba yanawalaumu wananchi, kampeni haitapendwa. Nikaandika yangu. Picha nikaikata. Bosi hakujua imetoka wapi. Nilitaka huyo mtoto apite barabarani akione kiatu chake. Nilitaka roho imuume, kama ilivyoniuma."

"Picha nzima iko wapi?"

Aliingiza mkono mfuko wa gauni, akatoa simu. Alitafuta kwa muda mfupi tu, kama mtu anayejua njia. Akaisukuma juu ya meza bila kuitazama.

Inspekta aliitazama, kisha akaigeuza imwelekee yeye.

"Wewe ni mwandishi. Nisomee kilichopo."

"Unakiona."

"Nataka kukisikia kwako."

"Bosi anapanda ngazi," Shangazi alisema. "Yuko na Kinda."

"Anapandaje?"

"Kinyumenyume."

"Kwa nini mtu apande kinyumenyume?"

"Amemshika... amempitisha mikono kwapani."

"Miguu ya Kinda?"

"Inaburuzika."

"Kichwa?"

"Kimeanguka nyuma."

"Macho?"

Shangazi hakuvaa miwani. Hakuihitaji, picha ile alikuwa ameikuza na kuipunguza mara nyingi mno. "Yamefumba."

"Hawa ni watu wawili wenye mapenzi yao?"

Machozi hayakumtoka. Uso wake ulikakamaa tu, ukawa wa mtu aliyekamatwa na baridi. "Unataka niseme sikuelewa. Ningependa kusema hivyo. Nilielewa, afande. Niliona palepale kwamba hatembei. Nikamwona hatembei, na bado nikamwonea wivu."

Koplo aliangalia pembeni. Inspekta aliichukua simu, akaitia kwenye mfuko wa vielelezo, akamwambia Shangazi atafute mkoba wake. Maelezo yale angeyarudia kituoni, yaandikwe, atie sahihi.

Bosi alikuwa bado na tabasamu walipoingia. Inspekta aliiweka simu mezani, picha imefunguliwa, ndani ya mfuko wa nailoni, akasubiri. Tabasamu halikuondoka mara moja. Lilibaki mdomoni muda mrefu baada ya macho kuliacha.

"Uliondoka mapema," Inspekta alisema.

"Nilirudi. Nilikuwa nimesahau... Angalieni, nilikuwa namsaidia. Alikuwa hajiwezi kabisa, hawezi hata kusimama. Nilimpandisha akapumzike."

"Njia ya nyumbani kwake inashuka, wewe ukapanda ngazi."

"Kulikuwa na kochi."

"Ukamlaza, ukaondoka?"

"Sikumgusa."

"Maabara ina sampuli. Ilikosa wa kulinganishwa naye. Kwa picha hii, hakimu atatupa amri ya kuchukua yako leo."

Bosi alifungua kola. "Sawa. Sawa, tuzungumze kama watu wazima. Yeye mwenyewe alitaka. Alinishika shingoni, akaniambia tusiondoke."

"Yule ambaye hawezi kusimama?"

"Sikusema hivyo."

"Koplo, alisema nini?"

Koplo alisoma alichoandika, neno kwa neno, bila kuongeza chumvi.

"Inspekta, wewe ni mwanamke unayejiheshimu," Bosi alisema, na sasa alikuwa amesimama. "Msichana anakunywa vile, mbele ya wanaume, anategemea nini?"

"Kufikishwa nyumbani. Geuka, tafadhali, mikono nyuma."

Majibu ya maabara yalipotoka, na yakawa yale aliyoyatarajia, Inspekta hakupiga simu. Alikwenda mwenyewe. Wakati huo jiji lilikuwa limeshabandua mabango yote, likatoa tangazo kwamba yameondolewa kwa marekebisho ya kiufundi, na Shangazi alikuwa ameacha kazi akisubiri kuitwa mahakamani kama shahidi.

Kinda alimkaribisha sebuleni. Fundi alikuwepo, amevaa shati safi, amekaa kwenye ncha ya kiti kama mgeni. Dada mtu alileta chai akabaki amesimama. Inspekta aliwaeleza yote kwa mpangilio: picha, ngazi, maelezo ya Bosi yaliyopigana yenyewe kwa yenyewe, sampuli kulingana, na tarehe ya kusomewa mashtaka. Alipofika kwenye Shangazi alitafuta namna ya kulainisha, akaikosa, akasema ilivyo.

Kinda alisikiliza bila kukatiza. "Alikuwa ananikosoa hata nukta," alisema mwishowe. "Nilikuwa natamani siku moja niwe kama yeye." Aliweka kikombe chini. "Nilikuwa namwonea wivu."

Dada yake alimshika bega.

"Mimi nilijua," Fundi alisema. Alikuwa amesogea mbele, uso umejaa faraja, mikono imefunguka. "Watu walisema mengi, lakini mimi moyoni nilijua kabisa hukutaka. Nilijua ulitendewa."

Kinda aligeuka kumtazama. Hakuwa na hasira. Alimtazama kwa makini, jinsi anavyotazamwa mtu anayetakiwa kuchorwa.

"Ulijua lini?"

Fundi aliikunja mikono, akatazama kucha zake.

Inspekta aliaga. Alivaa viatu vyake mlangoni, akafunga kamba za kwanza, akafunga za pili, bila haraka. Mpaka anafika getini, ndani palikuwa bado hapajasemwa neno.